Mashahidi Kumi na Mmoja wa Mikono ya Mjomba

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimeanza kazi ya uwakala. Sijaajiriwa na mtu. Nimejiajiri mwenyewe, nikajikubali siku hiyohiyo bila usaili.

Mteja wangu wa kwanza ni Mjomba Munir, ndugu wa mama yangu. Mwaka wa tatu huu nalala sebuleni kwake hapa Saint Paul. Mjomba alikuwa mwanajeshi wa Marekani. Si mchezo. Mtu katoka Lamu, kaja huku, kavaa gwanda, kapelekwa Kuwait kutengeneza malori ya jeshi. Huko ndiko ngozi ilikomharibikia. Mabaka mekundu viwikoni na kichwani, juu yake magamba meupe kama ya samaki. Soriasisi, ndilo jina lake. Serikali ilikubali zamani kwamba ugonjwa ule aliupata kazini, na kila mwezi humpa fidia ndogo.

Sasa vidole. Mwaka wa pili huu vinavimba, kimoja kizima, kisha kingine kizima, kama ndizi za kisukari. Asubuhi havikunjiki. Sote nyumbani tulisema ni baridi ya Minnesota. Mkewe, Bi Fathiya, akamkanda kwa mafuta ya habasoda mpaka majirani wakauliza tunapika nini. Juzi daktari akasema la, theluji haina kosa. Ni ule ugonjwa wa ngozi, umeingia kwenye viungo. Baridi yabisi iliyozaliwa na ngozi. Basi serikali ikiwa imemkubali mama, haina budi kumkubali na mtoto. Haya ya mama na mtoto ni maneno yangu. Daktari hana lugha.

Mjomba anakunja mashuka katika chumba cha nguo cha hospitali moja kule Maplewood, saa nane kwa siku. Msimamizi ameshamwambia mara mbili kwamba amekuwa mzito. Madai yakipita, atapunguza kazi nusu, vidole vipumue. Yasipopita, atakunja mashuka mpaka vidole vikatae kabisa.

Jioni akaja Ntwali wa ghorofa ya chini. Mkongo huyu ana miaka ishirini na mitano, naye alipita jeshini miaka minne, sasa anasoma chuo Minneapolis na kujitolea kwenye ofisi ya kaunti ya maveterani, wanajeshi wa zamani. Akamwambia Mjomba kule bureau, ofisini kwao, kuna mtu wa kazi hiyo hasa, hatozi kitu, atampeleka mwenyewe Alhamisi. Nikamwahi. Nikasema asante, familia ina mtu wake tayari.

Mjomba akanitazama. Akauliza mtu huyo ni nani.

Nikamweleza. Nikamweleza tena. Mwisho akasema haya, afadhali habari za mwili wake zisitoke nje ya nyumba. Hiyo nimeihesabu kuwa ni sifa.

Jumatano, 15 Januari

Barua ya daktari imefika. Nilitegemea moto. Nikasoma mara tatu, maana Kiingereza cha madaktari ni kama maandishi yao. Inasema kwamba ugonjwa wa viungo vya Bwana Munir yaelekea umetokana na ule wa ngozi, walau kwa kiasi sawa na kutotokana nao.

Walau kwa kiasi sawa! Hii ni barua au kitendawili? Mtu kasoma miaka ishirini, halafu anaandika kama anayeogopa kuwagombanisha baba na mama. Mimi niliishia kidato cha pili na sijawahi kukosa uhakika.

Nimempigia simu karani wake. Nikaomba kwa adabu daktari aandike neno moja tu, hakika. Karani akaniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Nikasema wakala. Akasema daktari ameshaandika anachokijua, na kwaheri.

Nikakutana na Ntwali ngazini, kabeba kapu la nguo chafu. Sikutaka kumwambia, nikamwambia. Akaweka kapu chini kabisa ili acheke vizuri. Akasema hayo ndiyo maneno yenyewe ofisi inayoyatafuta. Hawaulizi hakika, wanauliza mizani imelala upande upi, na ikisimama katikati anapewa mgonjwa. "Ndugu Shee, doucement, taratibu. Itume vile ilivyo."

Nikamwambia ajishughulishe na soksi zake. Ntwali ana tabia mbaya ya kujua vitu. Barua nimeilaza chini ya godoro la sofa mpaka daktari apate ujasiri.

Ijumaa, 17 Januari

Siku kubwa. Kumbe fomu ina nafasi ya mashahidi. Anayemjua mgonjwa anaruhusiwa kuandika aliyoyaona kwa macho yake. Ntwali anasema wawili watatu wanatosha. Wawili watatu ni idadi ya mtu asiyependwa. Mimi nataka kumi.

Sasa angalia akili. Kuandika barua za watu kumi kungechukua mwezi, na wenyewe wangeziandika hovyo. Nikakumbuka barua aliyoniandikia Bwana Yasser, mwenye duka la nyama halali, wakati wa makaratasi yangu ya uhamiaji. Barua ile ilifanya kazi. Ushahidi ni mimi, nipo hapa. Nikaichukua, nikafuta jina langu, nikatia la Mjomba, nikachapa nakala kumi, nikaenda nazo msikitini.

Baada ya swala nikasimama karibu na rafu ya viatu. Nikasema Mjomba Munir anataka mashahidi, ni barua ya serikali. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi. Hapa Saint Paul hakuna mtu mzima ambaye hajaandika au kuandikiwa barua ya serikali. Wengine waliisoma bila kuiangalia, kama dua: Nathibitisha kwamba Bwana fulani ninamjua kwa miaka mingi, ni mwadilifu, mchapakazi, mwenye afya njema, hajawahi kuwa mzigo kwa serikali wala hategemei kuwa.

Kila mmoja akaongeza lake chini kwa mkono. Bwana Yasser akaandika kwamba Munir hubeba gunia la mchele kwa bega moja. Kweli aliliona, ila ilikuwa mwaka ule alipofungua duka. Katibu wa msikiti akaandika kwamba kila Idi Munir ndiye anayekoroga pilau la watu mia mbili na kuepua sufuria peke yake. Mwingine akataja namna anavyosalimiana, kwamba ukipewa mkono na Munir unajua umepewa mkono.

Ni Bwana Yasser peke yake aliyesita. Akauliza, je, huu ugonjwa tusiutaje? Watu wakamgeukia. Utamwandikia mwenzio kwa serikali kwamba hajiwezi? Hiyo si barua, hiyo ni fitina. Akaona haya, akaongeza gunia la pili.

Barua kumi kabla ya chakula cha mchana. Nimejipa mapumziko.

Jumapili, 19 Januari

Nilikuwa kazini Roseville, kwenye kibanda chetu cha makava ya simu katikati ya jengo la maduka, nimekaa kimya nikiuza kidogo, mara akaja Lenny. Lenny ni Mzungu, dereva wa basi la shule, kichwa kipara kama yai. Alikuwa na Mjomba kule Kuwait, lori moja, hema moja. Amesikia kwa Mjomba kwamba tunaandaa madai, basi ameleta barua yake mwenyewe. Hakuomba nakala yangu. Akanishika bega, akasema nimtunze yule mtu.

Nikaisoma wakati hakuna wateja. Bora nisingeisoma.

Anasema masika iliyopita Mjomba alikwenda kumsaidia kufungua injini ya pikapu. Spana ikamdondoka. Akaiokota, ikadondoka. Mara ya tatu hakuiokota. Akakaa kwenye bampa, akaitazama mikono yake, akalia. Akajisemea kwamba mikono hii iliwahi kufungua gia ya lori gizani, bila tochi. Lenny anasema aliyaona yote, akajifanya anatafuta soketi kwenye boksi la spana asimtie haya. Kisha akamfunga kamba za viatu, maana zilikuwa zimefunguka na Mjomba hakuweza. Anasema kucha zake zimejaa vitobo kama kastabini, na zamani hazikuwa hivyo, na yeye yuko tayari kuapa popote.

Ukurasa mmoja. Mwandiko mbaya.

Nimekaa nayo mpaka kibanda kikafungwa. Mtu wa kwetu hawezi kupeleka hii. Mjomba wangu, analia, kwenye bampa, kwa karatasi, kwa watu asiowajua? Wataisoma vijana fulani ofisini huku wanakunywa kahawa. Lenny ni mtu mwema lakini hakufunzwa kusitiri. Nimeikunja nne, nimeilaza chini ya godoro pamoja na ile ya daktari. Wapeane joto.

Jioni nikashuka kwa Mama Mukamana, mamake Ntwali, apate kuwa shahidi wa kumi na moja. Ndiyo kwanza katoka kanisani, bado kavaa kitenge chake cha kwaya. Akasema, "Papa, mimi niliona ule baba anashindwa kufungula chupa ya pilipili. Nikamufungulia. Akaniambia nisisemake kwa bibi yake. Niandike ile?" Nikamwambia mama, hapana, hayo ni mambo ya pilipili, serikali haina haja nayo. Nikampa nakala ya kumi na moja. Akasaini, lakini aliisoma kwanza, na wakati anasoma alikuwa akiniangalia kwa juu ya miwani.

Jumanne, 21 Januari

Nimepeleka. Maktaba, mashine ya kunakili, tovuti, bonyeza. Mashahidi kumi na mmoja. Mkutubi aliniuliza kama ni harusi.

Mjomba ametia saini fomu kwa kalamu nene, kalamu nyembamba haishiki. Ilichukua muda. Nikageuka nikaangalia dirishani. Akauliza kila kitu kimo? Nikasema kila kilicho kizuri kimo. Akaniombea dua. Mambo ya dua sikuyapenda leo, sijui kwa nini.

Alhamisi, 20 Februari

Wamemwita kupimwa. Daktari mwingine, wa serikali, ofisi moja Minneapolis.

Wiki nzima nimemfundisha Mjomba kuchechemea. Nimemwonyesha korido nzima, hatua, mguno, hatua, mkono kiunoni. Nasima, binti yake wa miaka kumi na minne, alicheka mpaka akakaa chini, akasema kwa Kiingereza chake kwamba naenda kama penguini aliyepigwa talaka. Mjomba hakucheka. Akasema, "Shee, miguu yangu mizima. Siwezi kumwongopea Mungu kwa miguu." Nikamwambia basi angalau usijitie ushababi.

Asubuhi akameza vidonge viwili vya maumivu, akaloweka mikono katika maji moto nusu saa, akavaa koti la Idi, akatia udi. Ndivyo tunavyokwenda kwa mkubwa. Hata mimi niliona ni sawa. Bi Fathiya akamsifu.

Nilingoja nje. Akatoka baada ya dakika ishirini. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema daktari ni mama mtu mzima, mstaarabu sana. Alimuuliza hali, akajibu njema, alhamdulillahi. Akamuuliza maumivu, akasema ya kawaida, kila mtu anayo. Kisha akampa kile chombo cha kupima nguvu, akamwambia kamata. "Mwanajeshi akiambiwa kamata," akasema Mjomba, "anakamata."

Alikamata kweli. Njiani kwenye treni mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka mapajani kama ndege uliyemshika. Akauficha chini ya koti. Mimi nikajifanya naangalia simu. Simu ilikuwa imezimika.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani ya nane leo. Tumefuturu nyumbani, sinia moja chini, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bi Fathiya amempa Mjomba kijiko. Alikiweka tu upande wake, kama kimeanguka hapo. Mjomba akakitazama, akala kwa kijiko. Mtu huyu ndiye aliyenifunza mimi kukusanya tonge bila kupoteza punje.

Nasima naye akaenda kujichukulia kijiko. Mwisho sote tulikula kwa vijiko kama tuko hotelini.

Nikiwa nimelala juu ya sofa usiku huu, karatasi zile mbili nazihisi mgongoni. Si rahisi kuzihisi, godoro ni nene. Nazihisi.

Jumatatu, 14 Aprili

Jibu limekuja. Bahasha kubwa, mimi nikajua kubwa ni nzuri.

Wamekataa.

Wameandika kwa upole, kurasa sita. Wameorodhesha walichokisoma. Wamesoma barua kumi na moja za mashahidi, na zote, wanasema, zinaeleza mtu mwenye afya njema, anayebeba magunia na kuepua sufuria, asiyehitaji msaada wa serikali. Wamesoma vipimo vya daktari wao: mkono umekamata kwa nguvu ya kawaida, mgonjwa amesema hali yake njema. Na wanasema hawakupata maoni ya daktari yeyote yanayounganisha viungo na ngozi. Hawakupata. Naam. Yalikuwa yamelaliwa.

Nilimsomea Mjomba nikimtafsiria. Nilipofika kwenye magunia nikataka kuruka. Akasema usiruke. Nikamsomea magunia yote mawili. Akauliza, "Yasser kaandika hivyo?" Nikasema ndiyo. "Na katibu?" Ndiyo. Akatikisa kichwa polepole. Akasema watu wanampenda. Akasema hakujua kwamba wanampenda kiasi hicho.

Kisha akainuka akaenda kutayarisha sare ya kazi. Shifti yake kesho ni ya saa kumi na moja alfajiri.

Angenizaba kofi ningelala.

Jumatano, 16 Aprili

Kuna kitu nimekiona jana na leo, na kila siku nilikuwa nakiona bila kukitazama. Saa kumi na nusu alfajiri Nasima anaamka. Hana shule saa ile. Anaamka, anasimama mbele ya babake, anamfunga vifungo vya shati, saba, na viwili vya mikononi. Yeye anasinzia, babake anaangalia dari. Halafu mtoto anarudi kulala na Mjomba anakwenda Maplewood kukunja mashuka ya watu.

Na mimi nipo hapo hapo kwenye sofa. Mwaka wa pili huu najifanya nimelala.

Leo alipotoka kazini nikampa zile karatasi mbili. Sikuwa nimepanga hotuba. Nikasema hii ya daktari niliiona ina woga, hii ya Lenny niliiona ina aibu. Nikazilaza. Basi.

Akasoma ya daktari upesi. Ya Lenny akaisoma kwa muda mrefu, midomo ikienda. Bi Fathiya alikuwa jikoni, mgongo umetugeukia, na alikuwa ameacha kukata vitunguu. Nilidhani atauliza kwa nini. Hakuuliza. Akasema, "Lenny hakuniambia kwamba aliona. Nilidhani alikuwa anatafuta soketi."

Akajaribu kuikunja karatasi kwenye mikunjo yake. Haikukunjika. Nikamkunjia. Akaniambia nimtilie mfukoni.

"Kumbe inaandikika," akasema. Halafu akauliza chai.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeshuka mwenyewe kwa Ntwali. Ngazi kumi na nne, nilizihesabu, sijawahi kushuka polepole hivi. Nikamwambia tumekataliwa. Nilikuwa tayari kwa kicheko. Hakucheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Akapanda, akakaa na Mjomba mezani kwa saa mbili. Akasema jambo halijafa. Kuna mwaka mzima wa kurudi na ushahidi mpya, na huu wa daktari na wa Lenny ni mpya kwa kuwa hakuna aliyeuona. Hapo akanitupia jicho, mara moja tu. Alhamisi ataenda naye kwa yule mtu wa kaunti. Akampiga picha kucha, moja moja. Akamwambia, "Mzee, safari hii wakikuuliza hali, useme hali. Mungu anajua kama unamshukuru." Mjomba akacheka. Miezi sijamsikia.

Mama Mukamana amepanda naye kuandika ile ya chupa ya pilipili. Akaandika kwa Kiswahili chake, Ntwali atatafsiri. Alipomaliza akaniambia, "Papa, unaona? Mistari ine tu. Haikuuma."

Ntwali akasema inatakiwa moja zaidi, ya mtu anayekaa nyumba hii hii, anayemwona asubuhi. Nasima ni mtoto. Bi Fathiya ni mke, anaandika yake. Wote wakanigeukia mimi.

Ntwali akanipa masharti kama anampa mlevi ufunguo wa gari. Nisinakili kokote. Nisisifu. Niandike nilichokiona tu, asubuhi, kwa macho yangu, hata kama ni kidogo. Ataichukua kesho wakitoka kanisani, ni Pasaka kwao.

Nikamwambia hata angesema kwa ufupi ningeelewa. Nimeelewa. Wallahi safari hii nimeelewa. Nimejua makosa yangu yote, naweza hata kumfundisha mtu mwingine.

Jumapili, 20 Aprili

Nimeamka mapema niandike kichwa kikiwa chepesi. Mjomba leo hana kazi, shati halijavaliwa. Nyumba kimya.

Nikaandika: Mimi ni Shee, mpwa wa Bwana Munir. Nalala sebuleni kwake. Kila asubuhi ya kazi naona kwamba hawezi kufunga vifungo vya shati. Binti yake humfungia. Nimeona hivyo mara nyingi.

Nikasoma. Ni kweli tupu. Mistari minne, kama ya Mama Mukamana. Nikaona kazi imekwisha, nikaenda kuchemsha chai.

Mjomba akapita kwenda msalani, akaniombea asubuhi njema, akanikumbusha nivae soksi. Nikarudi nikaisoma tena.

Hawezi. Nimemwandikia hawezi. Mtu aliyenilipia tiketi, aliyenipokea uwanja wa ndege na koti mkononi kwa sababu alijua sitakuja nalo. Sasa kuna mtu katika ofisi fulani, hata jina lake silijui, atamjua Mjomba kwa neno hilo tu. Hatajua mengine. Nikasema nisilifute, nilipunguze makali tu. Nikaandika: hufunga vifungo vyake taratibu. Hilo si uongo. Lingekuwa si uongo kama angekuwa anavifunga.

Nikaona na habari ya mtoto inamdhalilisha. Nikaandika kwamba binti yake humsaidia kwa mapenzi, kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa vizuri. Na ukishamsifu mtoto huwezi kumwacha baba. Nikaongeza kwamba hajachelewa kazini hata siku moja. Kwamba hajawahi kulalamika. Nikaongeza Kuwait, na gia gizani bila tochi, ile niliitoa kwa Lenny, ni nzuri mno kuiacha. Mistari minne ikawa ukurasa na nusu. Mwandiko wangu leo umekaa kama wa mwalimu.

Ntwali amekuja saa saba, suti ya Pasaka, tai nyekundu. Akauliza kama nimeandika nilichokiona. Nikamwambia nimekiandika, na vingine ambavyo yeye asingeviona hata kwa darubini. Akanyoosha mkono aisome. Nikamwambia mamake anamngoja kwenye chakula, asipoteze muda, bahasha nimeshaigundisha.

Akaichukua. Kabla hajafika chini nilikuwa nimeshaanza kufikiria bei ya kadi za biashara za uwakala wangu.